Nataka kurudi Kanisa Katoliki na naanzia kwa simu, nisaidieni

Alto_wa_Pipeline (Nakuru)

Habari zenu wapendwa. Mimi ni Mkatoliki wa kuzaliwa, nimebatizwa huko Mukumu, komunyo na kipaimara nikapata nikiwa shule, na kwaya niliimba miaka mingi, alto. Nikaja Nakuru kutafuta kazi na mambo yakalegea tu polepole, sikugombana na mtu wala hakuna fatha alinikosea, ni shifti za duka, Jumapili ndio siku ya wateja wengi na bosi hataki kusikia mambo ya misa. Kuna wakati rafiki alinipeleka ministri fulani hapa tauni nikakaa huko kiasi, lakini kila ibada ni panda mbegu, panda mbegu, na mshahara wa kaunta mnaujua, nikaacha pia.

Sasa juzi juzi nikiwa napitisha TikTok usiku nikapata kwaya fulani ya Tanzania wanaimba nyimbo za Mama Maria, nikashtuka naimba alto yote mpaka mwisho na mtoto ananiangalia. Tangu hapo TikTok imenimwagia, mapadre wanahubiri, watu wanabishana na Waprotestanti, mwingine anasema ukipokea komunyo kwa mkono umeisha, mwingine ati hakuna Papa halali tangu zamani, aki nimechanganyikiwa kuliko venye nilikuwa kabla nianze.

Hali yangu niwaambie wazi ili mtu asinipe jibu la juu juu. Nakaa na baba mtoto, mahari ilipelekwa kidogo lakini kanisani hatujaenda, yeye ni wa Marafiki, wale Quaker wa Vihiga, si mtu wa kuenda kanisa sana lakini hanikatazi. Mtoto ana miaka minne na hajabatizwa. Jumuiya, kile kikundi cha Wakatoliki wa mtaa, ya hapa kwetu Pipeline siijui hata jina. Na naona aibu kuingia parokia nianze kujieleza kwa watu nisiowajua.

Ninachouliza, kuna apu gani ya masomo ya kila siku kwa Kiswahili ambayo haimalizi bando, na naweza kuungama kwa simu ama kwa WhatsApp na fatha asiyenijua, na hii misa ya YouTube inahesabika kwa mtu kama mimi ambaye Jumapili asubuhi niko kaunta? Asanteni.

---

Mama_Wawili_Kondele

Karibu nyumbani dada, na hiyo aibu uiweke kando kidogo tutairudia.

Kwanza TikTok. Mimi singeifuta, imekuletea kitu kizuri, lakini usiifanye katekista wako. Wale wanaobishana wanalipwa na macho yenu, wakiongea pole pole hakuna mtu ataangalia. Ukiona video ya mtu anakasirika kuhusu Kanisa bonyeza ile ya kusema huitaki, fanya hivyo mara kadhaa na itaanza kukuletea kwaya badala ya vita.

Halafu chagua kitu kimoja tu cha kila siku. Kimoja. Watu wanarudi na moto wanaweka apu saba, rozari, novena, masifu, Biblia ya mwaka mmoja, na mwezi ukiisha zote zinatuma notifikesheni na hakuna inafunguliwa. Wewe chukua masomo ya misa. Ingia Play Store uandike misale, utaona kuna kadhaa za Kiswahili, nyingi ni kazi ya Watanzania, Mungu awabariki hao watu. Angalia ambayo ukishaiweka inafungua bila intaneti, ijaribu kwa kuzima data kabla ujiamini nayo. Hallow, apu nyingine ya sala, ni nzuri pia lakini vitu vingi ni vya kulipia na Kiswahili utakitafuta sana.

Kitu ninapenda na hayo masomo ni kwamba ni yale yale kila mahali. Jumapili zinaenda kwa mzunguko wa miaka mitatu, A, B na C, siku za kawaida miaka miwili, kwa hivyo ukisoma injili ukiwa kwa matatu ya Pipeline kuja tauni, hiyo ndio imesomwa asubuhi Kibuye huku kwetu na huko Mukumu kwenu. Mimi nikianza nilikuwa nje ya kanisa bado, nauza mitumba Kibuye, na kila siku saa nne wateja wakipungua nasoma injili ya siku pale kwa meza, na nilikuwa najua leo fatha amehubiri kuhusu nini hata kama sikuwa hapo. Ilinisaidia sana siku niliporudi, sikuhisi mgeni.

Kwa kusikiliza, Vatican News wana idhaa ya Kiswahili, wanaweka habari za kila siku na kila wiki kuna tafakari ya masomo ya Jumapili unaweza kusoma mapema. Na hapo Nakuru mko na Radio Amani ya jimbo, kama simu yako ina redio ya FM chomeka waya wa masikioni ndio antena, hiyo haili bando hata senti.

Rozari unaijua, alto haisahau. Kama umesahau mafumbo, Jumatatu na Jumamosi ni ya furaha, Jumanne na Ijumaa uchungu, Jumatano na Jumapili utukufu, Alhamisi mwanga. Hayo ya mwanga ni Papa Yohane Paulo wa Pili aliongeza 2002, ndio maana kukhu wako, yaani nyanya, labda hakuwa anayasali.

Maswali ya kuungama na ndoa naachia wenye wanajua, nisije nikakudanganya.

---

BodaKibuye

Nyinyi mnampeleka kwa apu, mimi nasema ukweli, simu na kanisa ni michango tu. Nilirudi, nikawekwa kwa grupu la WhatsApp la jumuiya, injili sikuwahi ona pale. Ni harambee ya paa, harambee ya gari ya paroko, mazishi, orodha ya walioahidi na majina ya wale hawajatoa, na saa kumi na moja asubuhi mtu anatuma picha ya maua imeandikwa siku njema. Nikatoka. Naenda misa nakaa nyuma narudi kazi. Dada usikubali kuwekwa kwa grupu.

---

Mama_Wawili_Kondele

@BodaKibuye hiyo ya kuandika majina ya wasiotoa ni mbaya, hapo nakubali na wewe kabisa na mwenyekiti anafaa kuambiwa. Lakini nani alikuja kwenu ulipoanguka na pikipiki? Grupu liweke kimya, liweke kwa archive huko halionekani, unalifungua Ijumaa unaangalia jumuiya inakutana kwa nani wiki hii. Hiyo ndio kazi yake. Ukitaka injili huko utakufa na njaa.

---

KatekistaMstaafu_Kakamega

Tumsifu Yesu Kristo.

Binti yangu nimesoma maneno yako mara mbili. Mukumu ni kwetu, nimefundisha watoto wa huko, pengine hata nimekufundisha wewe. Nitajibu kile ambacho vijana wamekiacha.

Kuungama kwa simu hakuna. Si kwa WhatsApp, si kwa kupiga, si kwa video. Mwaka 2002 Baraza la Kipapa la Mawasiliano liliandika waziwazi kwamba hakuna sakramenti kwenye intaneti, na mwaka 2011 kulipotokea apu ya kusaidia watu kujiandaa kuungama, magazeti yakaandika ati Kanisa limeruhusu kuungama kwa iPhone, msemaji wa Vatikani akalazimika kutoka na kusema hapana, inaweza kukusaidia kujitafiti dhamiri lakini ni lazima uwe mbele ya padre. Na hata ukifikiria kibinadamu tu, ujumbe wa WhatsApp unabaki kwa simu, unapigwa picha, unafika mahali haukutumwa. Ile siri ya maungamo padre haruhusiwi kuivunja kwa neno wala kwa ishara, hata akitishiwa maisha. Simu haijaapa.

Lakini simu itumie kujiandaa, ni halali kabisa. Watu wengi hawaogopi dhambi zao, wanaogopa wamesahau maneno. Andika kwa noti za simu, punguza mwanga wa kioo, ukiingia soma. “Unibariki Padre kwa kuwa nimekosa.” Halafu sema ni miaka mingapi hivi, kwa kukadiria, hakuna mtu atakuuliza tarehe. Na ile sala ya kutubu, “Mungu wangu nimetubu sana niliyokosa kwako,” ukiisahau katikati mwambie Padre nimesahau, atakuongoza. Nimewaona wazee wa miaka sabini wakisahau. Ukitoka hapo futa hizo noti.

Kama unaona aibu ya parokia ya karibu, wewe uko Nakuru, Subukia ni hapo tu juu kwenye barabara ya Nyahururu, ile hija ya kitaifa ya Mama Maria. Watu wanatoka kila pembe ya Kenya, hakuna anayejua nani ni nani, na siku za mahujaji wengi mapadre wanakaa kuungamisha. Unakunywa na maji ya ile chemchemi unarudi zako.

Sasa nisikufiche. Kama mnaishi pamoja bila ndoa ya kanisa, padre anaweza kukuambia kwamba ondoleo na komunyo vinangoja mpaka jambo hilo lipangwe. Usikasirike na usitoke mbio, mweleze hali yote jinsi ulivyotueleza sisi hapa. Misa unaruhusiwa, jumuiya unaruhusiwa, kwaya zungumza na paroko, na kuna ile komunyo ya tamaa, unasali ukimwomba Yesu aje moyoni kwa kuwa huwezi kumpokea katika sakramenti. Hiyo hata kwa misa ya YouTube unaweza.

Na hapa kuna jambo ambalo naona hakuna aliyeligusa. Bwana yako ni wa Marafiki. Wale Wamarekani walipofika Kaimosi mwaka 1902 walileta injili lakini ubatizo wa maji Marafiki hawana, wao wanasema ubatizo ni wa Roho. Kwa hivyo kwa Kanisa Katoliki yeye si sawa na Mwanglikana ama Mlutheri ambaye amebatizwa kwa maji, huyo mkifunga ndoa inahitajika kibali tu. Kwa mtu ambaye hajabatizwa inahitajika ruhusa kubwa zaidi kutoka kwa askofu, kuondolewa kizuizi, la sivyo ndoa si halali. Inapatikana, huku Vihiga na Kakamega mapadre wameandika hizo barua mpaka mikono imezoea. Lakini muulize kwanza bwana yako kama aliwahi kubatizwa kwa maji mahali pengine, shuleni ama kwa kanisa lingine, maana hapo karatasi zinabadilika. Yeye halazimishwi kuwa Mkatoliki. Wewe ndiye utaahidi kufanya uwezalo watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki, na yeye anajulishwa kwamba umeahidi hivyo.

Cheti chako cha ubatizo utakihitaji na kiwe kipya, si ile kadi ya zamani ya kwenu nyumbani, kwa sababu kwenye daftari la parokia uliyobatizwa ndiko wanaandika kipaimara na ndoa, wanataka kuona kama kuna kitu kimeandikwa. Hapo simu ina kazi nzuri. Piga Mukumu ama utume mtu wa nyumbani, wape jina la ubatizo, majina ya wazazi na msimamizi, na mwaka hata kama ni wa kukisia.

Mtoto anaweza kubatizwa. Sheria inataka mzazi mmoja akubali na kuwe na tumaini la kweli kwamba atalelewa katika imani. Kwa kawaida parokia itataka barua ya mwenyekiti wa jumuiya, na ndiyo sababu jumuiya huwezi kuikwepa hata @BodaKibuye akisema nini. Msimamizi awe ametimiza miaka kumi na sita na amepata kipaimara na komunyo. Rafiki wa kazini ambaye ni Mlokole anaweza kuwa shahidi kando yake kama amebatizwa, lakini si msimamizi.

---

BodaKibuye

Sijasema akwepe jumuiya mwalimu, nimesema grupu.

---

FundiSimu_Bungoma

Mimi nitaongea ya mitandao maana ndio kazi yangu kila siku, watu wananiletea simu nione.

Kwa Facebook ukiandika jina la padre yeyote anayejulikana utapata kurasa tatu nne za uongo, picha ni yake kweli, wameiba. Atakusalimia vizuri, atakuombea, kesho yake anataka pesa ya kituo cha watoto ama ya misa ya shukrani. Sadaka tuma kwa paybill ile imebandikwa kwa mlango wa kanisa ama imesomwa kwa matangazo, na kabla uweke namba ya siri angalia jina linalotokea, likiwa ni la mtu binafsi acha.

Kwa YouTube nako kumejaa Papa Leo bandia. Tangu achaguliwe tarehe 8 Mei 2025 watu wanatengeneza hotuba zake kwa akili mnemba, sauti yake, mdomo unatembea, nusu saa nzima anasema vitu hajawahi sema. Vatican News wenyewe wametoa onyo. Ukiona Papa amesema kitu cha kushtua, enda kwa Vatican News uangalie kama kiko, kama hakiko basi hakuna. Mathe mmoja alikuja hapa analia ati Papa amefuta rozari, nikamwonyesha, akanunua chaja akaenda.

Na hii ni ya huku kwetu hasa, ukitafuta Legio utapata vitu viwili. Kuna Legio ya Maria, chama cha waumini ndani ya Kanisa Katoliki, ile ilianza Dublin 1921 na ikaletwa huku Afrika Mashariki na Edel Quinn, alifika 1936 akazunguka mpaka akafa Nairobi 1944. Halafu kuna Legio Maria ambayo ni kanisa lake lenyewe, walijitenga miaka ya sitini huko Nyanza, wana papa wao na makadinali wao, mavazi na rozari unaona kama Katoliki tu. Ni watu na heshima zao, jirani yangu ni wa huko, lakini kama unatafuta grupu la kujiunga uliza kwanza ni ya parokia gani. Wakikosa kukutajia parokia na jimbo, si kwenu.

Kuhusu bando, pakua ukiwa na Wi-Fi ya kazini, mambo ya sauti yanakula kidogo sana kuliko video. Misa ya laivu ya saa moja na nusu kwa YouTube shusha picha mpaka 144, unahitaji kusikia, huhitaji kuona mishono ya kasula.

---

Alto_wa_Pipeline (Nakuru)

Aki asanteni sana, sikujua hata kidogo hiyo ya Marafiki, nimemuuliza leo jioni akasema alibatizwa kwa maji akiwa darasa la saba kwa kanisa lingine kwa sababu shangazi yake alimpeleka, na cheti hajui kilienda wapi!! Kwa hivyo sijui hiyo inakuwa aje. Nimeweka misale moja, data imezimwa na inafungua. Na TikTok nimeipa adabu.

Lakini hamkunijibu misa ya YouTube. Jumamosi natoka saa kumi jioni.

---

KatekistaMstaafu_Kakamega

Darasa la saba kwa kanisa gani, hilo ndilo la kujua. Kama walitumia maji na wakabatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, mwambie bwana yako atafute cheti ama aliyekuwepo atoe ushuhuda, shangazi kama yuko hai anatosha kuanzia. Mambo yenu yatakuwa mepesi zaidi. Kama ni yale makanisa ya kubatiza kwa jina la Yesu peke yake, hapo Kanisa halihesabu na tunarudi kwa ile ruhusa ya askofu.

YouTube ni ya mgonjwa, mzee asiyetoka, mama aliye na mtoto mchanga, na sisi wote mwaka 2020 makanisa yalipofungwa. Kwa mtu anayeweza kufika haishiki nafasi ya misa. Lakini umeniambia unatoka kazi Jumamosi saa kumi. Kanuni 1248 ya sheria ya Kanisa inasema misa ya jioni ya kuamkia inahesabika kuwa ya Jumapili. Tafuta parokia iliyo na misa ya Jumamosi jioni hapo mjini, anza na kanisa kuu la Kristo Mfalme uulize saa zao. Hata yule kijana Carlo Acutis waliyemtangaza mtakatifu Septemba 2025, aliyekufa na miaka kumi na tano, tovuti yake yote ya kompyuta ilikuwa ya miujiza ya Ekaristi, na yeye mwenyewe alikuwa anaenda misa kila siku kwa miguu yake.

---

Alto_wa_Pipeline (Nakuru)

Sawa mwalimu. Sasa nikipiga ofisi nasema nini? Naomba mnicheke baadaye, lakini mimi nikishika simu kuongea na watu wa kanisa naanza kujieleza maisha yote.

---

Mama_Wawili_Kondele

Hapana usieleze maisha, sekretari hana haja nayo na kuna foleni nyuma. Sema hivi tu: “Tumsifu Yesu Kristo, naitwa fulani, ni Mkatoliki, nimehamia Pipeline. Naomba kujua misa ya Jumamosi jioni ni saa ngapi, maungamo ni siku gani, na jumuiya ya upande wetu mwenyekiti ni nani nipate namba yake.” Maswali matatu basi. Mambo ya ndoa omba siku ya kumwona paroko, usiyaseme kwa simu.

Ukishapata namba ya mwenyekiti mtumie ujumbe badala ya kupiga kama unaona aibu, mwambie ungetaka kuja jumuiya wiki hii na uulize inakutana kwa nani. Ukifika watakuomba ujitambulishe, utaje jina na kwenu, mtu atasema ana shemeji Khayega, na wimbo wa kwanza ukianza wewe ingia na alto, huwa wanakosa.

Na usipige Jumatatu, ofisi nyingi za parokia hufungwa.